Waligongana

Katika nchi yetu hakuna dereva wa mbio anayeendesha vibaya. Hili nalisema mwanzoni kabisa, asije mtu akasoma yanayofuata akafikiri vingine. Wapo madereva wanaoendesha kwa hisia, wapo wanaoendesha kwa uzalendo, na wapo wachache ambao barabara haiwaelewi. Lakini vibaya, hapana. Kila mwaka Kamati ya Nidhamu ya Mbio za Magari hutoa takwimu za uendeshaji mbaya, na kila mwaka takwimu hiyo ni sifuri. Sifuri yenyewe imechorwa kubwa kuliko mtu mzima kwenye bango lililo mbele ya Uwanja wa Taifa wa Mbio.

Uwanja bado haujajengwa. Umewekewa jiwe la msingi mara nne na umefunguliwa rasmi mara mbili, kwa hiyo kisheria upo. Kwa sasa umepandwa mihogo. Mbio zenyewe hufanyika mjini kila Jumamosi ya msimu. Magari huanzia sokoni, yakapita shule ya msingi, yakakata Kona ya Zahanati, yakamalizia mbele ya ofisi za serikali. Hapo mwishoni barabara ni ya lami nzuri, na madereva huamriwa kwenda polepole ili wasiichakaze.

Adhabu zipo, tena kali. Mwongozo wa Adhabu una kurasa mia mbili na kumi. Huanza na dereva kuangaliwa, kisha kuangaliwa sana, kisha kukoholewa na mjumbe mmoja, kisha kukoholewa na Kamati nzima. Mbele kabisa, kwa wino mwekundu, kuna kufungiwa mbio maisha na kwenda jela miaka saba. Kurasa hizo za wino mwekundu bado zilikuwa zimegandamana kama zilivyotoka kiwandani nilipoanza kazi. Adhabu kubwa kuliko zote iliyowahi kutolewa ni ya dereva aliyeingia na gari lake ndani ya ukumbi wa harusi na kutokea mlango wa jikoni. Huyo alisikitikiwa kwa maandishi.

Mimi niliajiriwa na Kamati kama karani, mara tu nilipotoka chuoni na shahada ya Kiswahili. Nilikuwa mtu wa aibu, na bado niko hivyo. Simu ikilia mezani kwangu nilikuwa naitazama mpaka inyamaze. Mtu akinikanyaga, mimi ndiye ninayeomba radhi. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Pantaleo Rugambo, alilipenda sana jambo hilo siku ya usaili. Alisema nchi ina watu wengi wanaojua kuandika, lakini wachache wanaojua kuandika bila kumuumiza mtu.

*

Jumamosi ya tatu ya msimu, gari moja liliharibika mbele kidogo ya Kona ya Zahanati likaziba njia. Mshika bendera wa kona hiyo alikuwa Bwana Sefania Ngoda, fundi viatu wa mtaa wa pili, mtu wa miaka hamsini na moja ambaye kila Jumamosi hufunga kibanda chake akajitolea kusimama konani kwa sababu anapenda magari. Alifanya alivyofundishwa. Alipanda juu ya ngazi ya zahanati, nje ya kamba, akainua bendera ya njano inayomwambia dereva apunguze mwendo, akaipunga kwa mikono miwili.

Madereva sita walipunguza. Wa saba alikuwa Rauli Mkingie, mpwa wa mtu ambaye sitamtaja cheo, maana ukitaja cheo umeshataja jina. Rauli hakupunguza. Gari lilivuka kamba, likapanda ngazi mbili, likamkuta Bwana Sefania kwenye ya tatu, likampondaponda mguu wa kulia.

Jumatatu asubuhi nilikaa kuandika ripoti. Niliandika sentensi ya kwanza: *Dereva Rauli Mkingie alimgonga mshika bendera Sefania Ngoda.*

Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Alisoma, akahema.

"Binti Stamili," alisema kwa upole, "huoni kama neno hili linanyoosha kidole?"

"Neno lipi, Mheshimiwa?"

"Hili *alimgonga*. Kali sana. Halafu mama yake kijana huyu ana shinikizo la damu. Akilisoma je?"

Nilimfikiria mama huyo nisiyemjua, amekaa sebuleni anasoma ripoti yangu, mkono kifuani. Nikaona haya. Nilifuta, nikaandika: *Dereva Rauli Mkingie na mshika bendera Sefania Ngoda waligongana.*

"Hapo sasa," alisema Mwenyekiti. "Hapo kuna usomi."

Chuoni tuliiita kauli ya kutendana. Wawili wakipendana, kila mmoja anampenda mwenzake. Wakisalimiana, kila mmoja anamsalimu mwenzake. Mitihani yote ya kauli hiyo nilipata alama za juu. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua nilichoandika. Nilijua, ila niliona ni adabu tu.

*

Kesi ilisikilizwa Jumanne. Mke wa Bwana Sefania, Bi Yunisi, alikuja peke yake na kukaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kitamdai. Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, lakini waliokuwa wanasema ni wawili, Mwenyekiti na mshauri wa sheria, Wakili Chediel Mbonde. Wengine tisa walikuwa wa kutikisa kichwa.

"Bi Yunisi," alianza Mwenyekiti, "Kamati hii inalia pamoja nawe. Karani, andika kwamba tumelia."

Nikaandika: *Kamati ililia, dakika mbili.*

"Mume wako ni shujaa. Taifa lina miguu mingi, lakini si kila mguu umepata heshima ya kuingia kwenye kumbukumbu. Sasa tumsikilize kijana."

Rauli alisimama. Alikuwa amevaa suti yake ya mbio yenye zipu mpaka shingoni, na shingoni amefungwa bandeji ndogo, safi.

"Niliona mzee anapunga bendera," alisema. "Nikasema moyoni, huyu ananikubali. Sasa mtu akikupungia vile utampita tu kama humjui? Nikamsogelea."

Wajumbe tisa walitikisa kichwa.

"Hukujua njano maana yake nini?" aliuliza Bi Yunisi.

"Shangazi, mimi naangalia mbele. Rangi ni mambo ya pembeni."

Mwenyekiti aliinua mkono. Alieleza kwamba nchi yetu, tofauti na nchi nyingine ambazo alizitaja kwa huruma, imeanzisha mfumo mpya uitwao Adhabu Shirikishi. Kamati haitakaa juu na kumwamulia mwananchi. Aliyeumizwa ndiye atakayesema dereva aadhibiwe kwa ukali kiasi gani, na Kamati itatekeleza bila kupunguza hata siku moja.

"Utakavyosema," alisisitiza, "ndivyo itakavyokuwa. Usione haya, mama. Fungua moyo."

Bi Yunisi alimtazama, akanitazama mimi, akatazama mikono yake. Nadhani hakuwahi kuulizwa swali la namna hiyo na mtu mwenye tai.

"Asishike usukani tena maisha yake," alisema. "Na aende jela."

"Miaka mingapi?"

"Iliyoandikwa."

"Iliyoandikwa ni saba."

"Basi saba."

Kamati ilipiga makofi. Na Rauli naye alipiga makofi, jambo lililonishangaza. Mwenyekiti alisema hajawahi kuona mwananchi mwenye msimamo kama huyo, akaomba Mwongozo uletwe, akaanza kuzibandua zile kurasa nyekundu kwa kisu cha barua. Kwa kama dakika tatu hivi nilikuwa na furaha. Nakumbuka nilipiga mstari chini ya neno *saba* kwa rula.

Kisha Wakili Mbonde akakohoa.

"Mheshimiwa, kuna jambo dogo tu la kisarufi. Ripoti inasema *waligongana*. Hapa watendaji ni wawili. Na Kifungu cha Tisa cha Mwongozo kinasema waliotendana jambo wataadhibiwa sawasawa, pasipo upendeleo."

"Maana yake?" aliuliza Bi Yunisi.

"Maana yake, mama, mume wako naye ni miaka saba. Na asisimame kando ya barabara maisha yake."

Bi Yunisi alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayedhani hajasikia vizuri.

"Mume wangu yuko hospitali. Mguu umevunjika mara nne."

"Atachukuliwa na kitanda," alisema Mwenyekiti. "Serikali si katili."

"Lakini yeye aligongwa."

"Kwenye ripoti hakuna kugongwa," alisema Wakili, na akaigeuza karatasi ili aone. "Kuna kugongana. Imeandikwa na msomi."

Wote kumi na mmoja walinitazama kwa fahari. Mimi nilitazama rula.

*

Ndipo Bi Yunisi akaanza kushusha.

Alisema basi jela iwe miaka mitatu. Wakili akakubali, mitatu kwa mitatu, na akaeleza kwamba kila mmoja ataitumikia kwa nafasi yake. Rauli, mwenye ratiba ya mashindano, ataitumikia Jumapili alasiri, saa moja moja, mpaka iishe. Bwana Sefania, asiye na ratiba, ataitumikia mfululizo.

"Mwaka mmoja," alisema Bi Yunisi.

"Mwaka mmoja kwa mwaka mmoja."

"Mwezi."

"Mama, usiharakishe," alisema Mwenyekiti. "Tunaona unapata uchungu. Karani, andika kwamba tumeona."

Bi Yunisi alisema jela iachwe kabisa, Rauli afungiwe mbio tu. Wakili akaeleza kwamba kufungiwa mbio, kwa mtu asiye dereva, tafsiri yake ni kutoonekana barabarani. Bi Yunisi akauliza atafikaje nyumbani, maana nyumba yao inatazamana na barabara. Wakili akasema hilo ni suala la mipango miji. Bi Yunisi akaomba basi iwe faini ndogo, na alipoambiwa kiasi cha faini ndogo akaiacha. Akaomba dereva aombe radhi tu mbele ya watu. Hilo liliwafurahisha sana wajumbe.

"Na mume wako naye ataomba radhi," alisema Wakili.

"Amwombe nani?"

"Aliyegongana naye."

"Amegongana na gari."

"Basi aliombe gari. Liko gereji, tunaweza kulileta."

Rauli aliinua mkono akasema yeye binafsi hana kinyongo, ila gari limeharibika taa ya mbele, na lingeomba kusikilizwa.

"Hapana," alisema Bi Yunisi. "Hilo hatafanya. Namjua."

Hapo Mwenyekiti akaahirisha kikao mpaka Alhamisi ili mama apate kutafakari. Na kwa kuwa pendekezo lake la kwanza lilikuwa limeshapigiwa makofi, lilibaki kuwa ndilo halali mpaka atoe jingine. Askari alipelekwa hospitali kukaa kando ya kitanda. Mguu nao, kwa kuwa ulihusika, ulifungwa karatasi yenye muhuri na kutangazwa kuwa kielelezo. Kielelezo hakiguswi mpaka kesi iishe. Si na mtu yeyote, daktari akiwemo.

*

Jumatano, saa ya kuona wagonjwa, nilikwenda. Sikuwa nimetumwa. Nilinunua machungwa sita, nikasimama nje ya wodi ya wanaume mpaka machungwa yakapata joto mikononi mwangu.

Bwana Sefania alikuwa amelala karibu na dirisha. Muhuri wa Kamati ulikuwa juu ya bandeji, na chini ya muhuri mguu ulikuwa umevimba na kubadilika rangi. Askari alikuwa anasinzia. Bi Yunisi alikuwa anampepea mumewe kwa jalada la daftari.

"Ndiye huyu," alimwambia mumewe aliponiona. "Ndiye aliyeandika."

Bwana Sefania alinigeukia.

"Nasikia nimegongana na gari," alisema. "Lenyewe lina hali gani?"

Nilitaka kucheka, nikalia. Yeye ndiye aliyenipa kona ya shuka nijifute.

"Daktari anasemaje?" niliuliza.

"Anasema kila siku inayopita nyama inakufa," alijibu Bi Yunisi. "Kamba ya muhuri ile anaweza kuikata kwa mkasi mmoja. Lakini anaogopa. Ana watoto. Ukipita mwisho wa wiki, anasema, hakuna mguu tena. Utakatwa hapa." Alionyesha juu ya goti, kwake mwenyewe, akakaza kiganja pale.

"Mimi nashona kwa cherehani ya kukanyaga, mwanangu," alisema Bwana Sefania. "Ya mguu wa kulia." Alisema bila kulalamika, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Nilidhani ni adabu," nilisema.

"Ipo adabu ndani yake. Ila uliigawa vibaya. Yote kwake, kwangu hakuna." Alipumua kidogo. "Hiyo *na* uliyoiweka mwishoni, huwezi kuitoa?"

"Ni silabi moja tu," alisema Bi Yunisi. "Hata mimi niliyeishia darasa la saba naiona."

Nikasema nitaitoa. Nilisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haikusikika.

*

Alhamisi nilivaa viatu vya kisigino ili sauti itoke juu kidogo. Kikao kilipofunguliwa, kabla Mwenyekiti hajaanza kulia, nilisimama. Kwa mwaka mzima sikuwahi kusimama ndani ya chumba kile ila kufungua dirisha, kwa hiyo mjumbe mmoja alisema, "Ndiyo, fungua, kuna joto."

"Mheshimiwa," nilisema, "neno langu lina makosa. Dereva alimgonga. Mshika bendera aligongwa. Hawakugongana."

Mwenyekiti hakukasirika, na ningekuwa na nafuu kama angekasirika.

"Binti Stamili anasema kwamba ripoti ya Kamati si sahihi?"

"Ripoti yangu, Mheshimiwa."

"Imepigwa muhuri. Ni ya Kamati. Kwa hiyo wewe unasema hivi, na Kamati inasema vile. Wakili, hali hiyo inaitwaje?"

"Wanapingana, Mheshimiwa."

"Kutendana?"

"Kutendana. Kifungu cha Tisa. Waadhibiwe sawasawa, Karani na Kamati."

"Na Kamati inaweza kuadhibiwa?"

"Haiwezi, Mheshimiwa. Ndiyo inayoadhibu."

"Basi hakuna aliyepingana," alisema Mwenyekiti, akanitazama kwa upendo wa kweli. "Kaa, binti yangu. Andika kwamba Karani na Kamati walielewana."

Nilikaa. Kalamu ilikuwa mkononi, karatasi ilikuwa mbele, na watu kumi na mmoja walikuwa wanasubiri. Niliandika. Niliandika *walielewana* kwa mwandiko mzuri, na nilipoinua macho Bi Yunisi alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama unavyotazama kibanda cha dawa ukakikuta kimefungwa.

Kisha akateremka kutoka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni.

"Msameheni," alisema.

"Nani, mama?"

"Dereva. Msameheni huyu kijana. Hakukosa. Asifungwe, asifungiwe, asiombe radhi. Arudi kwenye gari lake kama alivyokuwa. Nawaombeni kwa ajili yake, baba zangu. Nawaombeni sana."

Ukumbi ulisisimka. Mwenyekiti alitoa leso. Alisema kwa miaka kumi na nane ametafuta jibu la swali gumu, dereva wa hatari aadhibiwe kwa ukali kiasi gani, na leo jibu limetoka kwa mwanamke wa kawaida, tena akiwa chini. Alisema magoti yale yatengenezewe sanamu. Rauli alikwenda akamwinua Bi Yunisi, akamkumbatia, wakapigwa picha, na Bi Yunisi kwenye picha ile anaonekana amefumba macho, na gazeti likaandika kwamba ni kwa amani.

"Muhuri," alikuwa anasema begani kwa Rauli. "Mguu utafunguliwa leo? Leo hii?"

"Leo hii," alisema Mwenyekiti.

Na ulifunguliwa. Hilo lazima niliseme, maana Kamati ilitimiza. Ijumaa alfajiri daktari aliingia chumba cha upasuaji, akatoka saa sita mchana. Aliuokoa mguu. Aliupitishia vyuma vinne, akamwambia Bi Yunisi mgonjwa alale wiki sita, asikanyage chini hata kwa bahati mbaya. Bi Yunisi alimbusu daktari mikono.

Saa tisa alasiri barua ya msamaha ilifika wodini. Niliipiga chapa mimi. Ilikuwa fupi: *Waliogongana wamesameheana. Kwa mujibu wa Kifungu cha Tisa, kila mmoja atarejeshwa sawasawa mahali pake. Dereva Mkingie atarejea kwenye usukani Jumamosi. Mshika bendera Ngoda atarejea Kona ya Zahanati Jumamosi.*

"Hawezi kusimama," Bi Yunisi alimwambia ofisa aliyeleta barua.

"Dereva naye ana shingo, mama. Lakini amejitolea."

"Asipokwenda je?"

Ofisa aligeuza karatasi. Nyuma kulikuwa na maelezo kwamba msamaha usiotumika hurudishwa, na ukirudishwa, lile pendekezo la kwanza la mwananchi, lililopigiwa makofi, hufufuka.

*

Jumamosi Kamati ilikaa kwenye hema mbele ya ofisi za serikali, pale magari yanapokwenda polepole. Nilipewa kiti, soda, na fomu mpya za ajali. Mwenyekiti alikuwa amezichapisha mwenyewe kunifurahisha. Neno *waligongana* lilikuwa limeshawekwa, kwa herufi nzito, na kilichobaki ni kujaza jina la kushoto na jina la kulia. Alisema fomu hizo zitarahisisha kazi nchi nzima. Alisema jina langu litatajwa kwenye hotuba ya kufunga msimu.

Niliomba ruhusa ya kwenda msalani. Nilichukua fomu moja na kalamu, nikapita nyuma ya hema, nikavua vile viatu, nikatembea peku mpaka Kona ya Zahanati.

Walikuwa juu ya ngazi ya tatu. Bwana Sefania alisimama kwa mguu mmoja. Ule wa vyuma ulining'inia, umefungwa kwa khanga kwenye kiuno cha mkewe ili usiguse chini. Bi Yunisi alikuwa nyuma yake, amemkumbatia kifuani, nyuso za wote wawili zikitazama upande mmoja. Ukiwa mbali ungedhani wanacheza muziki wa polepole. Hakuna gari lililokuwa limeonekana, lakini bendera ya njano ilikuwa tayari iko juu.

"Kuna hatari gani?" nilimuuliza.

"Sheria inasema niinue kukiwa na hatari," alisema Bwana Sefania. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni. "Yeye anakuja. Unataka hatari ipi zaidi ya hiyo?"

Bi Yunisi hakugeuka. "Umekuja kuandika?"

"Ndiyo, mama."

"Kaa kivulini basi. Ninyi huandika baadaye."

"Nataka kuandika kabla."

Aligeuka kidogo, kiasi cha kuniona kwa jicho moja.

Kule sokoni ililia injini moja, kisha nyingi kwa pamoja. Watu waliokuwa kando ya kamba wakaanza kurudi nyuma wakijifanya wanatafuta mahali pazuri pa kuonea. Bwana Sefania alisikiliza, kichwa upande.

"Ametangulia yeye," alisema. "Anachelewa kubadili gea."

"Andika upesi," alisema Bi Yunisi.

Niligeuza fomu upande usio na maneno, nikaiweka juu ya ukuta wa zahanati. Niliandika:

*Saa nne na dakika tisa asubuhi. Bwana Sefania Ngoda amesimama kwenye ngazi ya zahanati, nje ya kamba. Mguu mmoja hauwezi. Ameinua bendera ya njano na inaonekana. Mkewe amemshika. Gari linakuja, yeye haendi popote. Hajamgonga mtu.*

Niliweka nukta. Nikaandika chini jina langu lote, la baba na la babu. Karatasi nikaipitisha chini ya mlango wa zahanati, ndani, ambako gari halifiki. Kisha nikapanda ngazi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikasimama upande wake wa kulia na kumsaidia kuinua bendera.